Dakika Tano, Cap Rouge

Kwa wageni barabara hii ni duara:
kilomita mia tatu kasoro mbili,
unaondoka Baddeck asubuhi,
unarudi Baddeck usiku, shingo imekaza,
simu imejaa bahari.
Wenye moyo mwepesi huambiwa wafuate mshale wa saa,
wauegemee ubavu wa mlima,
ukingo wawaachie wengine.

Kwangu si duara. Ni kipande:
kutoka kanisa la Chéticamp
mpaka kileleni kwenye Mlima wa Wafaransa,
saa kumi alfajiri, Januari,
nikisukuma theluji kwa bamba la chuma
pana kuliko chumba nilichozaliwa.

Aliyenikabidhi kipande hiki ni Placide Deveau.
Alinifundisha kama mtu anayelipia kila neno.
"Hapa, mnyama mwenye pembe kama mabeleshi."
"Hapa, usikanyage breki."
"Hapa, upepo." Akanyamaza.
Upepo nikaujua mwenyewe wiki iliyofuata,
suête, unaporomoka kutoka kusini-mashariki
na kufunua paa la mtu
kama mpishi anayetaka kuona
wali umefikia wapi.

Ilikuwa siku ya tatu aliposema sentensi nzima.
Kabla ya barabara, alisema,
barua zilipanda mlima mgongoni mwa mtu.
Habari ya msiba ilifika
arobaini imekwisha pita.
Ndipo Théotime, baba yake, akapewa sururu.
Sururu, toroli, baruti kidogo,
na ujira wa kutwa usiofikia bei
ya viatu alivyovimaliza juu ya mawe.
Mwaka wa thelathini na mbili ncha mbili zikakutana.
Kisiwa kikafungwa mkanda.

Barabara ikaleta gari.
Gari likaleta mtu mwenye kamba ya kupimia.
Mtu wa kamba akaitazama bahari,
akaitazama nyumba ya Théotime,
akaona nyumba inaziba.

Hifadhi ilitaka mito, ilitaka tai,
ilitaka miti ibaki kama ilivyo.
Watu hawakuwamo kwenye orodha.

Wahenga walimwonya mchimba kisima.
Mchimba barabara hawakumwambia kitu.
Aliondoka Cap Rouge kwa njia aliyoitoboa mwenyewe,
jiko la chuma juu ya mkokoteni,
na juu ya zulia lililoviringishwa
mtoto wa miaka minne, Placide,
akifurahia safari.

Basi ile siku ya tatu, kwenye kona ambayo haina jina,
mzee akapunguza mwendo, akakata kushoto,
akaisukuma theluji kuelekea baharini,
upana wa mkokoteni, urefu wa hatua kumi na nane.
Akasimamisha. Mbele yetu hakuna kitu:
shimo la msingi, mchongoma, giza.
Akarudi nyuma taratibu, tukaendelea na kazi.
Sikuuliza. Naye hakueleza
kwa nini mtu asafishe njia
ya nyumba isiyokuwapo.

Amekufa miaka sita sasa.

Mwezi uliopita ofisi iliniita.
Kijana wa mahesabu, mpole, ana ramani kwenye kioo
na mimi ni nukta nyekundu.
Kila alfajiri, anasema, nukta inasimama pale pale,
dakika tano. Mara siku, mara msimu,
hayo ni mafuta mengi, bwana. Pana nini pale?

Niliitazama ile nukta.
Nikafikiri kumwambia habari za jiko na zulia,
nikaona nafasi kwenye fomu ni mstari mmoja.
Nikaandika: kugeuza gari.
Akagonga muhuri.

Leo imeshuka mpaka magotini.
Nimekata kushoto, nimehesabu kumi na nane,
nimeishia pale nadhani palikuwa kizingiti.
Hodi sipigi.
Huwa nazima taa kubwa tu,
wasije wakaamka.