Ufagio wa Jensigne

Kabla ya kuingia bandani, vua sweta la sufu,
ulitundike nje kwenye msumari,
hata kama baridi inang'ata masikio.
Sufu huficha cheche kama bahili afichavyo sarafu,
huzisikii mpaka uguse.
Ndivyo alivyoniambia Jensigne siku ya kwanza,
akanikabidhi spana ya shaba, na ufagio.

Nikatazama sakafu. Ilikuwa safi.

"Si wa sakafu. Ushike mbele yako, hivi,
kama kipofu na fimbo yake.
Ukiona nyasi zinaungua na moto huuoni,
rudi nyuma, funga vali,
kisha ndipo uogope."

Hidrojeni haina rangi, haina harufu.
Ukiivuta puani haikuambii neno.
Hakuna gesi nyepesi kuliko hii;
tundu la sindano kwake ni lango la mji,
hupita bila kubisha, ikapanda darini,
ikakaa huko kimya.
Na kimya kingi, mwajua wenyewe.

Kazi yetu, hapa juu ya ghuba ya barafu,
ni kuyatenganisha maji kwa umeme.
Oksijeni tunaiachia iende zake,
mwenzake tunamfunga mtungini.
Asubuhi na jioni puto linavimba, jeupe,
kubwa kuliko jiko la mama,
linanivuta mkono kama mtoto aliyeona duka.
Naliachia.
Linapanda na kisanduku chake kinachopima baridi na unyevu,
hadi hewa inapokuwa nyembamba mno
na lenyewe limevimba mno,
likapasuka mahali pasipo na wa kusikia.

Kesho yake Aqqaluk anasikia redioni:
upepo mkali, usiwapeleke mbwa kwenye barafu.
Anawafungua mbwa, anarudi kunywa kahawa.
Hajui ni nani aliyekufa kwa ajili ya habari hiyo.

Mama mkwe hunicheka. "Gesi ya maputo!"
Namwonyesha kopo la majarini analolitunza tangu ujana wake:
yalikuwa mafuta ya maji-maji, mama,
yakalishwa hidrojeni, yakaganda.
Na viazi hivi kutoka Denmark
vimekua kwa mbolea iliyoanza na gesi hiyohiyo.
Kaka yangu Inunnguaq anaendesha basi huko Hamburg,
anasema halitoi moshi,
linakojoa tu, maji safi, kando ya barabara.
Hapo mama mkwe alicheka hadi akaweka kisu chini.

Kisha ikaja ile Juni.
Jua halikuwa na nia ya kutua,
mwanga ulijaa bandani kama maziwa.
Sikuona kitu. Sikuhisi hata joto.
Nilipiga hatua tatu, ufagio mbele,
nikiwaza samaki niliyemwacha nje bila kifuniko,
na pembe ya ufagio ikaanza kukunjamana,
ikawa nyekundu, ikawa nyeusi,
juu ya hewa tupu.

Nilirudi nyuma. Nilifunga vali ya nje.
Kuogopa nilikuogopa baadaye, nimeketi kwenye jiwe,
mikono ikicheza peke yake.

Nilipoingia tena nilikuta bomba la chuma lenye baridi
limetokwa na umande.
Matone mazima, yakining'inia penye ncha.
Moto huzaa jivu, husemwa.
Huu ulikuwa umezaa maji,
yaleyale tuliyoyavunja asubuhi,
yamerudi nyumbani kwa njia yao.
Niligusa tone moja kwa kidole, nikalilamba.
Sijamwambia Jensigne.

Sasa ni Desemba. Jua limekwenda, halitarudi karibuni,
nalo, ukilichambua, sehemu yake kubwa ni gesi hii hii.
Naingia bandani na ufagio wenye kona iliyoungua,
najaza puto gizani kwa taa ya mbali,
naachia kipande kidogo cha lile lisilokuwepo.

Nikitoka, sweta langu limegandia msumarini,
mikono imetanuka, gumu kama ubao,
na inanibidi nilipigepige
kabla halijakubali kunikumbatia.