Karatasi ya Tawi

Verna Halvorsen alipostaafu aliniachia vitu vitatu:
ufunguo wa ubao wenye mlango wa kioo,
orodha ya majina mia mbili na kumi na saba,
na neno moja: "Usiandike kama meneja."

Nikaanza Januari. Duluth, ziwa limeganda hadi upeo,
magari ya barua yanakohoa uani, hayataki kuwaka.
Mezani jikoni, nimetoka zamu ya usiku,
vidole vingali na vumbi la bahasha za watu,
nikaandika:

Mkutano ni Jumanne ya pili, saa moja jioni,
chini ya kanisa la Mtakatifu Olavi.
Kahawa ipo. Lifti haipo.

Nikaandika: lalamiko la Lonnie Bellanger
limefika ngazi ya tatu.
Alinyimwa ruhusa ya kumzika shangazi yake;
ofisi ilisema shangazi si mzazi.
Aliyemfunga Lonnie kamba za viatu siku ya kwanza ya shule
ni nani basi?
Nikafuta "tunasikitika". Nikaweka "tunadai".

Nikaandika: mashine mpya ya vifurushi yaja Aprili.
Wanasema hakuna atakayepunguzwa.
Wamesema kwa mdomo. Tumeomba kwa maandishi.
Sisi, kati ya watu wote, tunajua tofauti.

Nikakunja, nikalamba, nikabandika stempu.
Ndiyo, stempu. Mganga hajigangi,
na mpeleka barua hajipelekei bure.

Usiku wa pili zikanipitia kazini, zangu mwenyewe,
mwandiko wangu unakimbia kwenye mkanda
kama mtu anayeniona sokoni na kujifanya hanijui.
Odell Prentiss anaishi kwenye njia yake mwenyewe:
akaipanga, akaibeba mtaa kwa mtaa,
akaitia katika sanduku la nyumbani kwake, akafunga, akaendelea.
Aliisoma jioni. Alisema saa za kazi si zake.

Delphine yake aliikunja mara nne
akaiweka chini ya mguu wa meza ya chakula,
na kweli, meza imetulia.
Meneja ndiye msomaji wangu mwaminifu:
kila asubuhi pua yake kwenye kioo,
midomo inatembea mpaka nukta ya mwisho.

Jumanne tulikuwa kumi na mmoja.
Kahawa ikabaki. Nikahesabu viti, nikajuta kuhesabu.

Kisha ikarudi moja.
Toivo Rautio, mstaafu, njia ya kumi na nne,
kibandiko cha njano juu ya jina: *Rudisha kwa mtumaji.*
Na chini yake, kwa penseli, mwandiko wa haraka
wa mtu aliyesimama kwenye theluji bila glavu ya kulia:
*Kafa Jumapili. Alikuwa anaisoma mlangoni,
mimi nikiwa bado nashuka ngazi.
Ananiita nirudi nimweleze ngazi ya tatu ni ipi.
Nimeona ujue. Gus.*

Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa.
Miezi yote nimedhani habari zinakwenda upande mmoja,
kutoka jikoni kwangu kwenda kwao,
na Gus, ambaye mkutanoni hajatia mguu tangu aajiriwe,
ananiletea yangu, bila stempu.

Nikafungua orodha ya Verna nifute jina.
Kumbe Verna hakufuta mtu.
Alipitisha mstari mmoja mwembamba,
chini yake herufi zote zinasomeka:
Agnes Sather, Walt Dudek, yule Pruitt wa dirisha la tatu.
Nami nikapitisha mwembamba.

Toleo la Februari:
Toivo Rautio, miaka thelathini na mmoja, njia ya kumi na nne,
ameumwa na mbwa mara sita, hakumtaja mbwa hata mmoja kwa ubaya.
Lonnie: bado tunasubiri, bado tunadai.
Mashine: maandishi hayajafika.
Gus Wojcik, kuna kiti.

Mkutano ni Jumanne ya pili.
Lifti bado haipo.