Sikio la Tsiala

Kibanio kidogo, kama cha kuanikia soksi ya mtoto,
kimeng'ata sikio la kushoto la Tsiala.
Waya. Kisanduku.
"Sisimizi wanatembea," asema, "ila hawaumi."

Nje, theluji ya Kutaisi inageuka matope.

"Nyoosha," asema Nestani, kidole juu ya kitufe,
na mkono ule uliobandika mikate ukutani mwa tanuri
miaka thelathini na mmoja
unakikabili kikombe cha plastiki
kama mgeni asiyejua desturi za nyumba.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili linasikia. Linapeleka habari juu,
kwenye chumba ambacho kiharusi kilikizimia taa
asubuhi ile ya Oktoba,
unga ukiwa bado kwenye kucha.

Tena. Tena. Bega linatetemeka, kiwiko kinagoma.
Kidole gumba kinasogea,
Nestani anabonyeza; labda kawahi, labda kachelewa.
Kikombe kinaanguka, kinabingirika hadi chini ya kitanda.

"Nani kakiangusha?"

"Mimi," ajibu Tsiala
kwa ile nusu ya mdomo inayocheka.
"Na uandike vizuri:
kwa mkono wa kulia."