Ushanga

Valdivia, Julai. Mvua ya siku ya tisa
inagonga bati la maabara,
na kule sokoni, ukingoni mwa Calle-Calle,
simba-bahari wanabweka wakigombea vichwa vya samaki.
Mimi ni fundi. Nafuta lenzi, nabadili taa.
Hadubini hii naijua kwa kikohozi chake:
ina miaka ishirini na miwili,
na kila ombi la nyingine hurudi na muhuri wa mwakani.

Eluney Paillán ameleta jicho la samaki wa siku tatu,
dogo kuliko mbegu ya mchicha.
Tumelikata kwa nuru tu, tabaka kwa tabaka,
picha themanini, juu hadi chini,
na kila ukurasa umevujiwa na wino wa jirani yake.
Ukungu mtupu.
"Ndivyo lenzi ilivyo," nikamwambia.
"Ipe nukta, itakurudishia uvumi."

Basi tukaupima uvumi.
Tukatandaza kwenye kioo shanga za plastiki ziwakazo,
ndogo hata vumbi lingeziita watoto,
tukaupiga picha ushanga mmoja, peke yake gizani.
Tulijua ni mviringo. Lenzi ikachora kinu:
chembamba kiunoni, juu na chini kimefunguka.
Sasa tulijua inatia chumvi kiasi gani.

Programu yenyewe ni ya bure.
Aliyeiandika kaacha jina mwishoni mwa faili, Bohumil, Olomouc,
na chini yake: chukua, rekebisha, mpe mwenzio.
Kampuni ya Santiago ilitaka, kwa kazi hiyo hiyo,
mishahara yangu ya miezi saba.
Rahisi ghali, husema watu.
Nikakaa kuisubiri hiyo ghali.

Inakisia. Inayatia ukungu makisio yake,
inalinganisha na picha yetu, inaona ilipokosea,
inakisia tena. Hiyo ndiyo kazi yote.
Mara ya kumi na tano
seli zikaanza kuachana mikono,
nuru ikirudi kwa wenyewe, chembe kwa chembe,
kama watu wakitawanyika baada ya matanga.
Eluney hakusema kitu. Aligusa skrini kwa ukucha.

Mara ya mia mbili
kila seli ilikuwa imevaa pete,
safi, angavu, ya kuwekwa kwenye jalada.
"Hiyo!" nikasema. "Tuma hiyo!"
Yeye akaifungua picha ya ushanga,
akaipitisha nayo mara mia mbili.
Ushanga ukavaa pete.
Plastiki tupu, na pete.

Kumbe ghali yenyewe ndiyo hii:
hakuna wa kukuambia inatosha.

Akarudi kwenye kumi na tano,
na ukungu kidogo uliobaki pembezoni akauacha.
Kisha akaongeza sentensi moja kwenye maelezo ya programu,
pitisha na ushanga wako pia,
akaituma Olomouc, usiku wa manane, bila bei.
Kwa lugha ya bibi zake, Eluney ni zawadi.

Nikazima taa. Nikaifuta lenzi,
hiyo hiyo, isiyojua kufunga mdomo.