Mashine ya Kusaga, Uyole

Miaka kumi na tisa mota inanila masikio,
na bado wanauliza: fundi, unatusikiaje?
Siwasikii. Nawatazama.

"Dona" huja na mdomo wa duara,
kama mtu anayepuliza chai.
"Sembe" hufunga midomo katikati, kisha huiachia.
Na kabla sijafika mdomoni nimeshaona debe,
nimeshajua mahindi ya ghalani na ya kuazima,
na kiganja cha kuomba kupunguziwa
hakina haja ya ulimi.

Mzee Mwasomola huanza na "Ugonile".
Hata akikohoa tu, nitaitikia.
Saa moja asubuhi, ukungu wa Juni
umeshuka Uporoto na kuingia bila hodi,
mtu angesema nini kingine?
Nusu ya neno analeta yeye.
Nusu ninayo kichwani tangu jana.

Umeme ukikatika jioni ndipo ninapokuwa kiziwi.
Kimya kizuri, banda giza,
sauti safi zinanijia kutoka foleni
nami nauliza: nani? unasemaje?
Wanacheka. Wanadhani natania.

Jumanne alikuja Tusekile, peke yake,
kandambili moja nyekundu, moja ya bluu.
Mota ikinguruma akaniambia maneno mawili.
La pili nililiona: amekufa.
La kwanza lilikuwa midomo inakutana, inaachana,
inakutana, inaachana.

Mama. Baba.
Midomoni ni neno moja.
Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona hilo;
sikio ndilo linalowatenga wazazi wa mtu,
na langu limejaa pumba.

Mkono ulifika kwenye swichi.
Sikuzima.
Neno lile mtoto hasemeshwi mara mbili.

Nikatazama kiroba.
Wiki zote hufungwa kwa utepe wa kitenge,
fundo la kuvuta mara moja,
la mtu mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni.
Leo kilifungwa kwa waya,
umezungushwa mara sita, ukakazwa kwa koleo.

Basi nikajua nani amebaki nyumbani.

Nilisaga taratibu. Hela nikairudisha
kwenye kiganja chake, nikakikunja.
Akiondoka alisema kitu,
uso umeshageukia barabarani.

Nikaitikia, "Ndaga."
Sijui nilijibu nini.