Kitufe cha Kona

Jumatatu, mvua ya Tukuyu haijaamua kunyesha wala kuacha.
Nafungua duka, nafuta kibao: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI.
Nawasha kompyuta, naikuta si yangu.

Gwamaka aliipeleka Uyole Ijumaa,
akairudisha jana usiku ndani ya mfuko wa sementi.
"Nimekuwekea mfumo mpya, mama. Wa kisasa.
Wewe ni kugusa tu."

Nikagusa.
Kidole kilikuwa na mafuta ya andazi;
kioo kikapokea mafuta, hakikupokea amri.
Nikagusa tena kwa adabu, kama anayebisha hodi ukweni,
kisha nikagonga, kama anayedai kodi.
Miraba ikanikodolea macho, kijani, zambarau, chungwa,
viwanja vilivyopimwa, hati sijui ziko kwa nani.
Mmoja ukanitangazia hali ya hewa ya mji nisioujua:
jua, nyuzi thelathini na moja.
Juu ya bati, matone yakacheka.

Na kile kitufe cha kona, chini, kushoto?
Miaka kumi na mmoja mkono wangu ulikwenda pale bila kuniuliza,
kama mguu unavyoijua gizani ngazi mbovu ya jikoni.
Kimehama. Hakikuaga.
Hakikuacha hata ufunguo kwa jirani.

Saa nne akaingia Anyelwisye wa Kiwira,
koti chapachapa, karatasi kaificha ndani ya kofia.
"Ratiba ya maziko. Dada yangu. Kopi mia na ishirini.
Mwili unafika saa sita kutoka Mbeya."
Nikasema pole. Nikasema kaa.
Sikusema kwamba sijui ukurasa mweupe uko wapi.

Nikaufukuza mshale hadi ukingo wa kulia,
utepe mweusi ukachungulia;
nilipouwahi, ukajirudisha kama shingo ya kobe.
Anyelwisye akaliona jasho langu katika baridi ile,
akadhani ninalia naye.
"Ndaga, mama," akasema. "Ndaga fijo."

Ndipo kidole cha mwisho cha kushoto, katika kutapatapa,
kikaangukia kitufe chenye kidirisha,
jirani wa kile ninachokibana kila siku nikinakili.
Herufi A ilishafutika, E imebaki kivuli,
lakini chenyewe rangi nzima, kama sahani ya wageni.
Nikabonyeza: miraba ikaondoka.
Nikabonyeza: ikarudi.
Kwa hasira nikaanza kuchapa tu, hewani,
herufi tatu, nne,
na mashine, ee Mungu wangu, ikasikia,
ikaniletea ninachokitafuta mpaka mlangoni.
Kumbe haikutaka kuguswa.
Ilitaka kazi ileile niliyofundishwa kwenye mashine ya chuma.

Nikachapa. Kuzaliwa. Kubatizwa. Kuolewa.
Saa saba na nusu, kuaga.
Anyelwisye akainama, akaweka kidole juu ya kioo:
"Hapa. Ni Tumpale. Tumpe ni mwingine, yupo hai."
Kioo hakikusikia.
Nikasikia mimi.

Jioni nilitafuta pa kuizimia, sikupaona.
Umeme ukakatika wenyewe;
leo tu, sikuwatukana.
Kwa tochi ya simu nikatazama kioo cheusi:
vidole vyangu vya asubuhi, vingi, vya ugomvi,
na katikati kimoja, kipana, cha mkulima.
Vyangu nikavifuta.
Hicho nikakiacha kilale.