Namba Mlangoni

Kamanda Nyamizi alipohamia Tabora
hakuja Isevya na king'ora.
Aliegemeza baiskeli kwenye mashine yangu ya kusaga,
akaomba chaki,
akaandika namba ya simu mlangoni.
"Ulinzi ni wenu," alisema. "Mimi nina funguo tu."

Tulicheka. Polisi tuliyemzoea
hufika mwizi akishazikwa.

Usiku wa tairi na petroli
nilipiga, mkono ukitetemeka.
Alikuja na kandambili,
kanga juu ya gwanda,
akaketi vumbini ubavuni mwa yule kijana,
magoti yakigusana.
"Haya. Washeni."

Watu themanini,
na hakuna aliyekuwa na kiberiti.

Alimfunga, ndiyo. Miezi kumi na minane.
Leo Kasanda anapuliza filimbi ya lindo
na mimi, Mungu anisamehe,
bado nahesabu madebe yangu asubuhi.

Kamanda kastaafu Machi.
Wakubwa walimpa saa ya ukutani.
Kila mvua ilipofuta chaki alikuwa akirudi kuandika;
safari hii hajaja,
tarakimu tatu za mwisho zimekwisha.

Jana nimeshika chaki, nimekwama.
Mjukuu wangu, asiyejua kusoma,
kanitajia zote.